Mama Tuta, mchimba njia anayeisubiri mvua kubwa

Kumekucha, lakini ukungu haujaondoka. Umelifunika bonde kama shuka juu ya mgonjwa, na kutoka ndani yake inasikika sauti ya mtu akipanda mlima kwa pumzi fupifupi. Ni Mama Tuta. Mgongoni amefunga dumu la maji kwa kamba ya mpira, begani ana jembe, na kila baada ya hatua kadhaa anasimama na kuinama, anabonyeza udongo wa njia kwa kidole gumba.

Anapofika kwenye kona kubwa analitua dumu, anafungua kizibo na kuyaachia maji taratibu. Kisha anachuchumaa. Maji yanatangatanga kidogo, yanapata pa kwenda, yanapita chini ya tuta la udongo na kuingia kwenye mfereji wa mawe unaoelekea korongoni.

"Yamepita," anasema mwenzake aliyefika nyuma yake na dumu la pili. Ni mwanamume mrefu wanayemwita Kinyonga, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akiharakisha.

"Nimeona."

"Sasa mbona umenuna?"

"Madumu mawili si mvua, Kinyonga."

"Ungeniambia kabla sijalibeba langu."

Mama Tuta anageuza uso ili asionekane akicheka. Halafu anachukua jembe na kuanza kukwangua matope yaliyoganda mdomoni mwa mfereji, ingawa ni machache mno kumzuia hata chura.

Mwanamke huyu wa miaka hamsini na minne ndiye kiongozi wa kikundi cha watu wa bonde wanaochimba na kutunza njia za baiskeli za mlimani. Hizo ni baiskeli zenye matairi mapana ya meno, ambazo wenyewe hawazipeleki barabarani. Wanatafuta mteremko, mizizi, mawe na kona. Wanatoka mjini, wanasukuma baiskeli zao hadi juu kwa nusu siku, ili wateremke kwa muda ambao chai haijapoa.

Kwenye kona kali, njia huwekewa tuta upande wa nje, gurudumu lipate pa kuegemea na mtu asitupwe msituni. Tuta la kona hii lilikuwa refu kuliko yote, lilimfika mchimbaji wake kifuani. Waendeshaji walilipenda mpaka wakampa mama huyo jina lake.

Leo tuta hilo limebaki nusu. Amelikata mwenyewe.

Zamani bonde liliishi kwa kiwanda cha mbao. Miti ilipokwisha, misumeno ikapakiwa kwenye malori, na kilichobaki ni vilima vya unga wa mbao ambavyo watoto walichezea mpaka mvua ikavimaliza. Mume wa Mama Tuta, aliyekuwa akinoa misumeno kiwandani, akageukia ufundi baiskeli. Ni yeye aliyewapokea waendeshaji wa kwanza, waliofika kibandani kwake na mnyororo uliokatika. Walikuwa wameteremka kwenye njia za zamani za kuburutia magogo.

"Nikawauliza, mnafuata nini huko? Wakasema, raha," anakumbuka Fundi, kama wote wanavyomwita. "Nikamwambia mke wangu, kumbe kuna watu wanaanguka kwa hiari. Tuwatengenezee pa kuangukia."

Ndipo ikaanza kazi ya ujima ya kila Jumamosi. Watu walikuja na majembe, sururu na mapanga, wakachimba tangu asubuhi hadi jua la utosi, wakanywa chai na mkate, wakaondoka. Wageni wakawekewa kiingilio kidogo langoni. Vyumba vya kulala wageni vikapatikana, mama lishe wakapata wateja, na wachimbaji wa kudumu wakaanza kupata posho. Si kubwa: ya siku moja hununua kilo mbili za unga na mafuta ya kupima. Lakini ilikuja kila wiki, na bondeni hapakuwa na kingine kilichokuja kila wiki.

Mama Tuta hakufundishwa kazi hii na mtu. "Nilikuwa nalima viazi kwenye mteremko," anasema. "Ukilima mteremko, ama unajua maji yanapita wapi, ama mwakani unalima mawe."

Ndiyo maana kikundi chake kilikuwa na sheria moja isiyovunjwa. Kila kona iwe na mlango, yaani upenyo mdogo sehemu ya chini kabisa ya tuta, maji yatokee hapo. Kona isiyo na mlango, wanasema wachimbaji, ni karai.

Sheria hiyo ilikuwa ikilegezwa siku moja tu kwa mwaka, siku ya mashindano. Waendeshaji wa mashindano hawapendi milango, maana gurudumu likipita juu yake linagutuka. Kwa hiyo siku moja kabla, wachimbaji waliijaza milango yote udongo na kuushindilia, na kwenye kila mlango uliozibwa wakachomeka kigingi chenye kitambaa chekundu. Mashindano yakiisha, waliteremka kutoka juu hadi chini wakiving'oa vigingi na kuizibua milango. Penye kigingi wanasimama. Pasipo na kigingi wanapita.

Walifanya hivyo misimu mingi na hapakuwa na tatizo.

Mwaka jana, mashindano yalipokwisha, jua lilikuwa limeshazama nyuma ya mlima na manyunyu yameanza. Watu walikuwa wamechoka, wengine wameanza kuimba njiani. Kwenye kona kubwa, mahali ambapo watazamaji husimama kwa wingi kuliko kwingine, kigingi hakikuwapo. Wapo wanaosema mtazamaji alikichomoa awapungie waendeshaji kile kitambaa. Wapo wanaosema kiligongwa na gurudumu kikaruka vichakani. Mpaka leo hakuna anayejua, na Mama Tuta hajawahi kumwuliza mtu.

"Kona niliichimba mimi," anasema, macho yakiwa kwenye jembe. "Mlango niliushindilia mimi, jana yake tu. Nikapita pale pale. Macho yalikuwa yanatafuta kitambaa chekundu. Hayakuwa yanatafuta maji."

Mvua ilinyesha mpaka alfajiri. Kona ikajaa, tuta likalowa, likaachia. Maji na tope vilishuka kwenye mashamba ya viazi na kuingia katika nyumba ya kwanza iliyokuwa mbele yake, nyumba ya dada yake Fundi, yaani wifi yake Mama Tuta. Viliingia kwa nyuma, kwenye chumba alimolala mama yao, mzee asiyeweza tena kuinuka kitandani mwenyewe.

Wifi huyo alimtoa kwa msaada wa majirani. Alitoka hai, ametapakaa tope hadi kifuani, akiuliza nani amemwaga maji. Mwezi uliofuata alifariki hospitalini. Daktari alisema mapafu yalikuwa yamechoka tangu zamani. Hakusema ni tope, wala hakusema si tope.

Wifi huyo ni mshonaji. Chumba chake cha mbele kina cherehani ya kukanyaga, rundo la sare za shule zisizowekwa vifungo, na kando ya mlango mabegi mawili yaliyofungwa kwa kamba. Binti yake wa mjini amekwisha kumwandalia mahali pa kulala.

"Nyumba siuzi," anasema, uzi ukiwa umebanwa kwenye meno. "Nani atanunua nyumba iliyo chini ya tuta? Naifunga tu."

Watu wa bonde wanakumbuka jinsi wawili hawa walivyokuwa wakitaniana. Wifi alikuwa akimwambia mwenzake mbele za watu: "Nilikupa kaka mnene, tazama ulivyomkausha." Na yeye akijibu: "Ulinipa na soksi zenye matundu, na dada yake fundi cherehani." Watu walikuwa wakisimama njiani kuwasikiliza.

Tangu msiba, mshonaji hamwiti wifi. Anasema "mke wa kaka", na hulisema kwa adabu, jambo ambalo Fundi anaona ni baya kuliko matusi.

"Angemtukana ningejua pa kuanzia," anasema Fundi, akiwa amelaza baiskeli kifudifudi kibandani kwake. "Yule dada yangu, huyu mke wangu, na aliyekufa ni mama yangu mimi. Nimekuwa mnyororo. Gurudumu la mbele likivuta, naumia. La nyuma likikataa, naumia." Anazungusha pedali, anasikiliza. "Na mimi mwenyewe hakuna anayeniuliza kama nimelia."

Mshonaji anakubali kukionyesha chumba cha nyuma. Kuna kitanda cha mbao, dirisha dogo linalotazama mlima, na ukuta wenye mstari wa tope uliofika usawa wa godoro. Sehemu nyingine yote ya chumba imepakwa chokaa upya. Mstari ameuacha.

"Nilimwambia kijana wa kupaka chokaa, paka mpaka hapa, hapa usiguse. Akasema, mama, utakaaje unatazama hivyo? Nikamwambia, wewe paka."

Baada ya mafuriko mashindano yalisimamishwa. Habari ikafika mjini kwamba njia za bonde zina mkosi, na wageni wakapungua. Mwisho wa juma uliokuwa ukileta waendeshaji arobaini sasa unaleta sita, pengine wanne. Ujima wa Jumamosi nao ukanyauka. Aliyekuja na familia akaja peke yake, kisha akamtuma mtu aseme anaumwa.

Kikundi kiliitisha mkutano kwenye ukumbi wa shule. Wengine walitaka kona ifukiwe kabisa. Mwenyekiti, ambaye ana nyumba ya kulala wageni na ambaye wapangaji wake kwa sasa ni popo, alisema bila kona hiyo hakuna atakayepanda gari kuja huku.

"Milango isizibwe tena, hilo tumekubaliana," alisema. "Lakini tuta libaki. Watu wanakuja kwa ajili ya tuta."

Mama Tuta alisimama akasema atalikata nusu kwa mikono yake, atajenga mfereji wa mawe mpaka korongoni, na kwamba maadamu yeye yu hai hakuna mlango utakaozibwa, siku ya mashindano wala siku ya harusi. Anayegutuka agutuke.

Ndipo mshonaji alipozungumza kutoka nyuma ya ukumbi. Hakuna aliyekuwa amemwona akiingia. Waliokuwepo wanayasimulia maneno yake karibu sawasawa, na mwenyewe hayakanushi.

"Mimi sitaki kona ifukiwe," alisema. "Mkiifukia mtakwenda nyumbani mkisema mmeshalipa. Chimbeni mnavyojua. Ila mvua kubwa ya kwanza, aliyechimba aje alale kwenye kitanda cha mama."

Mtu mmoja alicheka, akidhani ni ule utani wao umerudi. Akaona yuko peke yake, akanyamaza.

Mshonaji aliendelea. Njia nzima, alikumbusha, inaishia kwenye uwanja wake. Bila ruhusa yake waendeshaji hawana pa kutokea. Aliyelala akiamka na kukuta chumba kikavu, yeye atafungua mizigo yake na njia itaendelea kupita. Tone likiingia, au asipokuja mtu, atahama na uwanja atauzungushia seng'enge.

Mwenyekiti alijaribu kulainisha mambo. Alisema mama yule ana umri, ana mgongo, kikundi kinaweza kumtuma kijana mwenye nguvu alale badala yake.

"Mama yangu hakuwa na wa kumtuma," alijibu mshonaji.

Mama Tuta alikuwa bado amesimama. Alisema neno moja, "Nitalala," akaketi.

Tangu siku hiyo amekuwa akipanda mlima karibu kila asubuhi. Mawe ya mfereji ameyabeba kutoka korongoni kwa karai kichwani. Kila jiwe amelipanga likiegemea la chini yake, bila saruji, kwa sababu saruji ikipasuka hudanganya kwamba bado nzima. Waendeshaji wachache wanaofika wanalalamika. Mmoja alishuka kwenye baiskeli, akalitazama tuta lililokatwa, akamwambia kona imekufa.

"Nikamwambia afadhali kona," anasema Mama Tuta.

Kati ya wote waliokuwa wakija Jumamosi, Kinyonga ndiye pekee ambaye hajakosa. Akiulizwa sababu, anachukua muda wake wa kawaida. Anakwangua tope kwenye ubapa wa sururu kwa kijiti, upande mmoja, kisha wa pili.

"Jioni ile nilikuwa nyuma yake," anasema hatimaye. "Nilipita pale pale. Sikuona kigingi, nikapita. Na nyuma yangu walikuwepo wengine kumi. Ila kona haina jina langu, wala lao."

Mama Tuta anamsikia, anainamia mfereji. Anasema tu kwamba liko jiwe moja linacheza, amsaidie kulikaza.

Wiki hii wingu limeanza kukaa upande wa juu wa mlima tangu mchana, na wakulima wamekwisha kutayarisha mbegu. Kwa hiyo amehamisha godoro. Alilibeba juzi kichwani, akapita nalo katikati ya bonde mchana kweupe, watu wakimtazama kutoka milangoni kama wanaotazama jeneza. Hakuna aliyempa pole, kwa kuwa hakuna aliyejua kama ni pole inayofaa.

Wifi yake alimfungulia mlango na kusimama kando.

"Godoro lenyewe jembamba," alisema.

"Nimelizoea."

"Mama alikuwa na mito miwili. Kwa ajili ya kifua."

"Changu kizima."

"Kwa sasa," alisema mshonaji, akarudi kwenye cherehani yake.

Ndiyo mazungumzo marefu zaidi waliyokuwa nayo tangu mazishi. Mama Tuta alitandika kitanda. Alipotoka alikuta kikombe cha chai kwenye kiti karibu na mlango, kimefunikwa kwa kisahani, na hapakuwa na mtu mwingine chumbani isipokuwa mwenye nyumba aliyempa mgongo akishona. Hakujua kama ni chake. Alisimama kidogo, kisha akakiacha.

"Ilikuwa yake," anasema mshonaji akiulizwa. "Ningemwambia nini, kunywa? Ana macho." Anakata uzi. "Siku hiyo ya mvua, mlango wa kati nitauacha wazi. Yule anakoroma, kaka amelalamika miaka yote. Nikiona amenyamaza, nitakwenda kutazama."

Fundi aliomba naye alale sakafuni, na tochi. Mke wake alikataa. Alimwambia kwamba mama alilala peke yake, na kwamba mtu wa kumshika mkono si sehemu ya makubaliano. Fundi anasema ataketi kibandani kwake kwa vyovyote vile, atengeneze matairi yasiyo na pancha.

Kama chumba kitakuwa kikavu, Mama Tuta ana mpango. Anataka kuihamisha njia yote ng'ambo ya korongo, ambako chini yake hakuna nyumba hata moja. Itakuwa ndefu, yenye kona pana za taratibu, na kwa idadi ya watu waliobaki itachukua miaka miwili au zaidi. Amekwisha kuipita kwa miguu na kufunga nyasi mafundo pale kona zitakapokaa. Haitakuwa ya kusisimua kama hii, anakiri. Watakaoitaka watakuja, wasioitaka wabaki mjini.

Lakini hayo ni ya baada ya mvua, na hapendi kuyasema sana. Majirani wanaomkuta njiani wanamwambia wanamwombea inyeshe kidogo tu, ipite salama, yaishe. Anawaitikia kwa heshima. Akiwa peke yake na Kinyonga kwenye kona, anasema ukweli wake, huku akilifunga dumu tupu mgongoni ili ashuke akateke tena.

"Mvua ndogo nitalala, nitaamka, na hakuna tutakachokuwa tumekijua. Mimi naiomba ije kubwa, kubwa kama ile. Nikiwa nimepatia, wifi atafungua mizigo yake. Nikiwa nimekosea tena, basi maji yatanikuta mimi."